Redio Yetu ya Ulyankulu

Hapo kale, misafara ya wapagazi iliyotoka Tabora ilitembea kwa miezi kabla ya kufika Bagamoyo. Habari nazo zilikwenda kwa mwendo wa miguu. Mimi nilikulia Ulyankulu, na mwaka 1978 nyumba yetu ilihitaji habari zenye mbio zaidi.

Mwezi wa Oktoba mwaka ule, majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera. Kaka yangu mkubwa alikuwa askari, akapelekwa vitani. Barua zake hazikufika. Baba alichukua fedha za tumbaku, tukaenda mjini Tabora kununua redio.

Dukani tulikuta redio za namna mbili. Moja ilikuwa rahisi, lakini ilipokea mawimbi ya kati peke yake. Nyingine ilikuwa ghali, nayo ilipokea mawimbi ya kati na mawimbi mafupi. Baba alikuwa amekwisha kuishika ile ya rahisi. Jirani yetu, mzee aliyekimbia Burundi mwaka 1972, akamwambia, "Ndugu yangu, usitazame bei kwanza. Tazama umbali wa sauti unayoitafuta." Dar es Salaam ilikuwa mbali nasi zaidi ya kilomita 700. Baba akanunua ile ya ghali.

Tulipofika nyumbani niliona maneno ya mzee yalikuwa kweli. Mchana, mawimbi ya kati yalituletea mkwaruzo tu, bali mawimbi mafupi yalileta sauti ya Radio Tanzania. Usiku hata mawimbi ya kati yalisikika vizuri.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 hivi kwa sekunde moja. Juu angani, kuanzia kilomita 60 hivi, zipo tabaka za hewa zilizotiwa umeme na nguvu za jua. Mchana, tabaka ya chini huyameza mawimbi ya kati. Usiku tabaka hiyo hutoweka. Mawimbi hufika tabaka ya juu, yakarudishwa chini mahali pa mbali, kama mpira udundavyo ukutani. Mawimbi mafupi huweza kuipenya tabaka ya chini hata mchana.

Taabu yetu ikawa mawe ya redio. Redio ilitumia mawe manne, kila moja volti 1.5, yaani volti 6 kwa jumla. Kutafuta kituo huku na huku kuliyamaliza bure. Basi nilikata ukanda wa karatasi, nikaubandika kwa uji mzito chini ya kioo cha namba. Kila nilipopata kituo nilitia alama mahali mshale uliposimama: jua kwa kituo cha mchana, mwezi kwa kituo cha usiku. Alama moja niliitia kwa ajili ya mzee, pale aliposikia Kirundi.

Mwezi wa Aprili 1979 mawe yalikuwa yamechoka. Bibi aliyaanika juani. Joto huzidisha kidogo kazi ya kemikali zilizobaki ndani ya mawe, lakini haliyajazi upya. Kamwe usiyatie motoni, maana huweza kupasuka. Usiku wa tarehe 11 niliusogeza mshale hadi kwenye alama ya mwezi, nikafungua redio. Tulisikia kwamba Kampala imetekwa. Kisha sauti ikafifia, ikazimika.

Redio haikutaja jina la kaka. Mama alikaa kimya mpaka asubuhi. Baada ya miezi kadhaa kaka alirudi, akichechemea, lakini hai.

Siku hizi zipo redio zinazotafuta vituo zenyewe na kuvihifadhi kwa namba. Aidha, mawimbi ya FM huleta sauti safi, lakini hayaendi mbali, kwa kuwa kwa kawaida tabaka za juu haziyarudishi. Hata hivyo swali la mzee ni lile lile: sauti unayoitaka iko umbali gani?

Nawe mwanafunzi, fanya jaribio. Chukua redio yenye mawimbi ya kati. Andika vituo unavyovipata saa sita mchana, kisha saa mbili usiku. Orodha ipi ni ndefu zaidi? Eleza sababu yake.