Rilei ya Land Cruiser

Jumatatu, 18 Mei
Land Cruiser imerudi. Dereva hajazima hata injini, tayari ana maiki mkononi: "Sikiliza mwenyewe, fundi." Taktaktaktak kwenye ampu ya redio chini ya kiti, sauti inakatika vipande vipande. Ijumaa anapeleka wageni, geti la hifadhi pale Ndabaka halafu ndani kabisa huko simu isikoshika. Nimemwambia asibonyeze tena. Rilei ikiruka huku nguvu inapita, kontakti zinaungua.

Alikoanzia wamembadilishia rilei. Nimefungua, kweli ni mpya, inang'aa. Kelele ni zile zile. Inaniuma mtu kulipishwa kifaa ambacho hakikuwa kibovu.

Jumanne, 19 Mei
Mezani ampu imetulia tuli! Betri ya volti 12, dami lodi ya omu 50 badala ya antena, nimeongea mpaka koo limekauka. Inashika mara moja, inaachia nikiachia. Sasa nitatengeneza nini? Kwangu haiumwi, kwake inaumwa. Basi ugonjwa umebaki kwenye gari.

Umeme umekatika saa tisa. Nimefunga mapema, kichwa hakifungi.

Jumatano, 20 Mei
Nimeirudisha garini. Injini inanguruma, mita kwenye ampu yenyewe. Si kwenye betri! Betri itakwambia mambo mazuri siku zote. 13.7. Nikiongea, 12.9. Nyaya nene, fyuzi safi. Si volti.

Nikabonyeza bila kuongea: tak, imeshika. Nikaongea: inaruka. Nikanong'ona: imetulia. Nikapaza: taktaktak. Kumbe inafuata nguvu! Nikachomoa antena, nikaweka dami lodi pale pale garini. Kimya.

Ni antena, au kule inakokaa. Mawimbi yanarudi ndani, yanapanda waya wa kitufe, transista inayoiendesha rilei inachanganyikiwa kana kwamba mtu kaachia. Rilei inaachia, mawimbi yanakoma, transista inatulia, inashika tena. Halafu upya. Hakuna rilei duniani ambayo ingevumilia hayo, hata ukinunua ya dhahabu.

Mita ya SWR, inayoonyesha mawimbi yanavyorudi, inasoma 3. Natamani kukuche. Ila kesho asubuhi si ya kazi.

Alhamisi, 21 Mei
Makaburini kwanza, kama kila mwaka. Baba mdogo alipanda MV Bukoba jioni ya tarehe 20, mwaka 1996. Asubuhi yake meli ikazama, Mwanza ikiwa karibu kabisa. Hatujui kaburi lipi ni lake. Mama anasimama popote, anaomba, anasema atasikia tu. Leo hakulia. Mimi nimelia.

Dereva kapiga simu: "Pole sana, fundi. Usijisumbue leo." Kijana muungwana. Ndiyo maana nimejisumbua.

Jioni nimefungua kitako cha antena kwenye bampa. Rangi! Bati limefungwa juu ya rangi, chini ya bolti kutu tupu. Waya wa ethi upo, mrefu, mwembamba, umeviringishwa kama kamba ya mbuzi. Nimekwangua mpaka chuma kikang'aa. Nimeweka mshipi wa shaba iliyosukwa, mfupi, mpana, moja kwa moja kwenye chesisi. Mikono inanuka kutu hata baada ya sabuni.

Ijumaa, 22 Mei
Alfajiri, tochi mdomoni. Feraiti kwenye waya wa kitufe, kapasita ya mikrofaradi 0.01 kutoka kwenye waya huo hadi ethi. Grisi juu ya bolti, maana vumbi la barabara ya Musoma halina huruma.

SWR 1.4. Dereva kaongea kwa nguvu yote, Kiswahili, halafu Kisukuma, halafu akaanza kucheka. Tak. Moja tu. Ofisini kwao wamejibu wanamsikia safi.

Nimemwandikia risiti yenye kila kitu ili asidanganywe tena: kusafisha kitako cha antena, mshipi wa ethi, feraiti, kapasita. Na mstari wa mwisho: rilei nzima, haikubadilishwa.