Baiskeli ya mwanafunzi: inayofaa Masasi huenda isifae Newala

MZAZI anayepanda basi Masasi mjini kwenda Newala hukutana na nchi mbili ndani ya safari moja. Masasi iko chini, imezungukwa na vilima vya mawe makubwa, na barabara ya lami itokayo Mtwara hupita hapo kuelekea Tunduru na Songea. Mbele kidogo gari hupanda mlima hadi juu ya uwanda wa Makonde. Huko udongo ni mwekundu wenye mchanga na mikorosho imetanda kila upande. Pale Newala, kwenye Shimo la Mungu, ardhi hukatika ghafla na bonde la Ruvuma huonekana chini, Msumbiji ikiwa ng'ambo.

Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuamua baiskeli ya mtoto anayekwenda shule ya mbali. Familia nyingi za huku hufanya manunuzi makubwa msimu wa korosho, kuanzia mwezi wa Oktoba, fedha za mnada zinapoingia. Fedha hizo husubiriwa na mengi: sare, madaftari, bati, chakula cha miezi ya njaa. Mzazi akikosea kuchagua, mtoto hurudi kutembea kwa miguu hadi msimu mwingine.

Kwenye baiskeli za mtumba, pamoja na zile ndefu za magurudumu ya inchi 28 ambazo wazee wamezizoea, siku hizi hupatikana pia za kukunja. Nyingi zina magurudumu madogo ya inchi 16 au 20, na fremu yenye bawaba katikati. Zilibuniwa kwa ajili ya watu wa mjini, wanaoendesha hadi kituoni, wakaikunja na kupanda nayo treni au basi.

Kwa Masasi mjini, baiskeli hiyo inaweza kufaa sana. Njia nyingi ni tambarare. Usiku hukunjwa ikalala ndani, mbali na wezi. Mtumishi anayesafiri kikazi anaweza kuiweka kwenye buti la basi. Tena kiti na usukani wake hupanda na kushuka, hivyo binti wa kidato cha kwanza na mama yake wanaweza kuitumia kwa zamu bila yeyote kuning'iniza miguu.

Juu Newala mambo hubadilika. Gurudumu dogo huzama kwenye mchanga, na mtoto huishia kuisukuma. Mvua zikianza, udongo huo huo huteleza. Huko panahitajika gurudumu la inchi 26 lenye tairi pana, na gia za kumsaidia mtoto kupanda. Kwa anayeteremka ukingo wa uwanda, breki mbili zinazokamata ni lazima. Baiskeli yenye breki moja iliyochoka si ya kumpa mtoto mteremko ule, hata ikiuzwa bei ya kutupa. Na penye mteremko mkali, afundishwe kushuka na kuikokota.

Kisha kuna suala la maji. Uwanda wa Makonde una historia ndefu ya shida hiyo, kwa kuwa mvua huzama mchangani na chemchemi hutokea chini, miguuni mwa mlima. Kwa vizazi vingi akina mama waliteremka na kupanda na maji kichwani. Mradi wa maji wa Makonde ulipunguza adha hiyo, lakini dumu bado ni mzigo wa kila nyumba. Dumu moja la lita 20 ni kilo 20; matatu ni kilo 60 kabla mwendeshaji hajapanda. Baiskeli nyingi za kukunja hutengenezwa kubeba kilo 100 au 110 kwa jumla, mtu na mzigo. Bawaba ikizidiwa hulegea, na fremu hupasuka.

Hapo ndipo penye jambo ambalo wazazi wengi hulisahau dukani. Baiskeli imara ikiingia nyumbani huwa ya wote. Asubuhi inakwenda bombani, mchana inabeba gunia la korosho, na mjomba akiiomba ni vigumu kumnyima, kwani kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambao kwa desturi ukoo hufuata upande wa mama, mjomba ni mtu mwenye sauti. Mtoto aliyenunuliwa baiskeli anabaki kutembea.

Kwa mzazi wa Masasi mjini, udhaifu wa baiskeli ya kukunja unaweza kugeuka ulinzi: hakuna atakayeipakia gunia, basi itabaki kuwa ya shule. Kwa mzazi wa Newala, ambaye hana budi kununua imara, dawa ni makubaliano. Mjomba na wakubwa wote waketi siku ile ile baiskeli inapoletwa, wakubaliane kwamba saa za shule haiguswi, na mzigo usubiri mtoto arudi.

Kabla ya kulipa, fundi wa mtaani aulizwe kama tairi na tyubu za saizi hiyo anazipata. Za inchi 26 na 28 ni rahisi kupatikana. Za inchi 16 zinaweza kumfanya mtoto akae wiki nzima kwa sababu ya pancha moja. Kwa ya kukunja, bawaba ifungwe kisha fremu itikiswe: ikicheza, au rangi ikiwa na ufa karibu na kiungo, iachwe hapo hapo.

Mwisho, mtoto mwenyewe apelekwe dukani. Akae kitini, aguse ardhi kwa ncha za vidole, abane breki zote mbili kwa mikono yake. Mkono ukishindwa kubana pale dukani, mlimani hautaweza.