Ng'ombe Kandokando ya Jozani

Kwetu kusini ya Unguja, mtu akitaka kufuga ng'ombe alianza kwa kutazama msitu uko wapi. Malisho yalikuja baadaye, na maji baada ya hapo. Baba alifugia karibu mno na msitu wa Jozani kwa sababu ardhi aliyorithi ilikuwa hapo na hakuwa na nyingine. Nimekulia, basi, miongoni mwa ng'ombe wagonjwa, hata nikawa namjua anayeumwa kabla bwana mifugo hajafika: manyoya yamesimama, machozi yanachuruzika, mbavu zinahesabika na majani yapo tele mbele yake. Homa inapanda, inashuka, inapanda tena. Mwenye mimba anaiharibu. Anayekamuliwa anakauka. Mwisho asubuhi moja unamsukuma anyanyuke, hanyanyuki.

Hiyo ndiyo nagana. Kijidudu chake, tripanosoma, kinaishi kwenye damu, na mbung'o ndiye anayekitoa kwa mnyama huyu na kumpa yule. Bara kuna mbung'o wanaowapa watu malale. Sisi kisiwani tulikuwa na aina moja tu, wataalamu wanamwita Glossina austeni, mdogo, mpenda kivuli cha vichaka vizito, na mzigo wake uliishia kwa mifugo. Nasema uliishia kwa mifugo kama vile hilo ni jambo dogo. Nyumba iliyofiwa na ng'ombe wa gari ilikuwa imepoteza kuni za kuuza, mawe ya kujengea, na njia ya kumfikisha mgonjwa barabarani.

Baba alitegemea sindano. Kulikuwa na Berenil, unga wa manjano unaokorogwa na maji, na Samorin nyekundu iliyotia doa kila ilipodondoka. Dawa ilimwinua ng'ombe kweli, na mbung'o wakamlaza tena. Pesa ya maziwa ikawa inanunua dawa ya ng'ombe anayetoa hayo maziwa. Mama ndiye aliyekuwa akisema hesabu hiyo kwa sauti. Baba alikuwa akinyamaza na kwenda kukata majani.

Kisha ilikuja dawa ya kumwagia mgongoni. Unamtiririshia ng'ombe kwenye uti wa mgongo, na mbung'o anayetua kumfyonza anakufa. Vikaja na vitambaa vya buluu vilivyotiwa dawa, vikatundikwa vichakani, maana mdudu huyu huvutwa na rangi hiyo. Vingine vilipotea, na sitamtaja jirani aliyeshona mapazia mapya mwaka ule. Mbung'o walipungua sana mashambani. Msituni walibaki, kwa sababu mle mna nguruwe mwitu na paa, na hakuna mtu wa kumkimbiza nguruwe mwitu ammwagie dawa mgongoni.

Mwaka 1994 ndipo tukaambiwa kuwa wataletwa mbung'o wengine, tena kwa ndege.

Nakumbuka baba alivyomtazama bwana mifugo. "Bwana, hawa tulionao hawatutoshi?"

"Mzee wangu, hao ni madume matupu, na yamepigwa mionzi. Hayazalishi."

"Fahali niliyemhasi hampandi jike."

"Haya yanapanda, Mzee. Ila mbegu yake haishiki."

Baba, aliyehasi mafahali maisha yake yote, alikaa kimya kidogo, kisha akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa ameelewa kuliko sisi sote tuliosoma skuli. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja katika umri wake. Likishapandwa na dume lisilozalisha, ndiyo basi. Na hata likiwa zima, halitagi mayai kwa mamia kama mbu: linalea kiluwiluwi kimoja tumboni, kila siku tisa au kumi hivi linakidondosha, nacho kinajichimbia mchangani. Adui anayezaa taratibu namna hiyo unaweza kumshinda kwa hesabu, ukiwa na madume ya kutosha.

Madume yalifugwa Tanga, kwenye kituo cha utafiti wa mbung'o na malale. Yalilishwa damu ya ng'ombe kupitia utando wa silikoni, yakapigwa mionzi, yakatiwa kwenye vikasha vya karatasi ngumu na kurushwa kutoka ndege ndogo mara mbili kwa wiki. Serikali zetu zilishirikiana na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, na neno hilo "atomiki" peke yake liliwatia watu hofu kuliko mbung'o. Wengine waliuliza swali la maana zaidi: dume la mbung'o nalo linafyonza damu, si kama dume la mbu, sasa haya yatatuua ng'ombe? Tukajibiwa kwamba kabla ya kuachiwa yanalishwa damu yenye dawa ya kuzuia tripanosoma. Jumla yalirushwa madume zaidi ya milioni 8.

Mbung'o mwitu wa mwisho alinaswa Septemba 1996. Waliendelea kurusha, kutega na kupima damu ya ng'ombe, na mwisho wa 1997 Unguja ikatangazwa kuwa haina mbung'o.

Hakuna aliyepiga ngoma. Mdudu akitoweka hatoi taarifa, na baba hakuamini tangazo. Aliamini ng'ombe. Jike letu jekundu, ambaye kila alipochukua mimba iliharibika, alizaa, akazaa tena, na wote wakapona. Hapo ndipo baba alipoacha kunificha pesa ya maziwa, kwa kuwa sasa ilikuwepo ya kutosha kuonekana. Nilipoolewa nilinunua mtamba chotara, mnyama ambaye zamani kumleta karibu na Jozani ilikuwa sawa na kumchinja. Maziwa yake yamesomesha watoto watatu, na nyumba ninayokaa imeezekwa bati kwa maziwa hayo hayo. Mume wangu ana maelezo mengine kuhusu bati. Mwacheni aandike yake.

Siku hizi wageni wanakuja Jozani kumpiga picha kima punju, na vijana wetu wanawatembeza mle vichakani bila kujipigapiga shingoni. Nikimweleza mwanangu kwamba babu yake alichagua pa kumfunga ng'ombe kwa kumwogopa inzi, ananitazama kwa adabu, kama mtu anayesubiri hadithi iishe. Simlaumu, maana ushahidi wangu wote ni kitu ambacho hakipo. Lakini bara, ng'ambo ya mkondo, mbung'o wapo, na ng'ombe wanapakiwa majahazini kila siku.

Tena mbung'o hakuondoka na wenzake wote. Kupe yupo, na ndigana kali anayoieneza inaua ndama chotara upesi kuliko nagana ilivyowahi kuua. Ndege hazitatuletea kupe wasiozaa, hilo tumeshaambiwa. Kwa hiyo nina bomba la mgongoni, na kila wiki nampulizia kila ng'ombe mpaka ndani ya masikio na chini ya mkia, ambako kupe hupenda kujificha. Mwanangu analalamika kwamba dawa inamwasha macho. Namwambia asimame upande upepo unakotoka, na ashike mkia vizuri.