Juliasi wa Doha

Julius halikuwa jina la kumpa mtoto mmoja. Kwa Warumi wa kale lilikuwa jina la ukoo: kila mwanamume wa ukoo ule alikuwa Julius, kila binti Julia. Kaisari mwenyewe, aliyeuawa mwaka 44 K.K., jina lake la utotoni lilikuwa Gaius. Ukoo huo ulijinasibisha na Iulus, mwana wa Aeneas wa Troya, na kwa njia hiyo na Venus, mungu wa mapenzi.

Baba mmoja Mtanzania, mzaliwa wa Musoma anayeishi Doha, hakuyawaza hayo alipotaka mwanawe wa kwanza aitwe Julius. Alimwaza Mwalimu tu. Mkewe alisita. Kwa nini mtoto abebe jina la Mrumi aliyeitiisha Gali kwa upanga, ilhali baba mkwe amekwisha kuleta jina la marehemu babu? “Hata Mwalimu,” alisema, “alikuwa Kambarage kabla ya kuwa Julius.”

Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Mtoto aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 aliitwa kwanza Mugendi, yaani mwenye kutembea. Kisha, kwa ushauri wa mganga, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Nyerere lilikuwa jina la baba yake, na kwa Kizanaki maana yake ni kiwavi, kwa kuwa alizaliwa wakati viwavi walipoivamia nchi. Julius lilikuja mwisho, kwa ubatizo wa mwaka 1943, mwenyewe akiwa na umri wa miaka 21. Halikuifuta mvua wala viwavi. Na alipoutafsiri mchezo wa Shakespeare kuhusu Kaisari, toleo la 1969 lilitoka kwa jina la *Juliasi Kaizari*: Mrumi amevikwa irabu za Kiswahili.

Hapo ndipo ulipo mvuto wa jina hili kwa Watanzania wengi. Wanaporithisha Julius hawarithishi Roma, wanarithisha Butiama. Jina limebadili ukoo.

Lakini Doha haiijui Butiama. Kwa Kiarabu jina huwa Yuliyus, jirani wa karibu wa Yuliyu, mwezi wa joto kali, uliopewa jina la Kaisari mwaka uleule alioaga dunia. Mbali na nyumbani, Mrumi hurudi kudai mali yake.

Wazazi wale walipatana: Julius, na baada yake jina la babu. Mtoto akabatizwa katika Kanisa la Bikira Maria wa Rozari, lililofunguliwa Doha mwaka 2008. Mama alitoa sharti moja, nalo ndilo zito kuliko jina lenyewe: baba amsimulie mwana, kwa Kiswahili, habari za mvua na viwavi. Asiposimuliwa, atakapouliza ameitwa kwa nani, kalenda itamjibu kabla ya baba yake.