Safari Iliyokatika na Barabara ya Udongo

Mtu atokaye Butembo kwenda Beni hushuka. Mji wa Butembo umekaa vilimani, zaidi ya meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, kaskazini kidogo ya mstari wa Ikweta. Asubuhi zake ni za baridi na ukungu, na mama zetu hujitanda vitenge viwili wapelekapo sokoni viazi, kabichi na maharage. Beni uko chini zaidi, katika nchi ya joto, nchi ya michikichi na kakao. Kati ya miji hiyo pana kilometa kama 54 tu, kwa barabara ya taifa namba 2, ipitayo Maboya na Kabasha. Tangu mwaka 1967 jimbo letu la Kanisa huitwa kwa majina yote mawili, Butembo-Beni, kama mapacha waliofungwa kwa mbeleko moja. Lakini mbeleko hiyo imekuwa ikikatika mara kwa mara, na kila ikatikapo, kuna wasafiri wabakiao nyumbani na mizigo yao.

Katika mwaka 2021 sisi pia tulikuwa miongoni mwao. Jamaa za walimu wachache wa Butembo tulikuwa tumeweka akiba ya nauli kwa miezi mingi, tuwapeleke watoto likizo. Tulitaka waone Beni, kisha wafike Mutwanga, chini ya milima ya Rwenzori, watazame theluji ya Afrika kwa macho yao wenyewe. Tarehe 6 Mei serikali ikautia mkoa wetu wa Kivu ya Kaskazini, pamoja na Ituri, katika hali ya kuzingirwa, kwa sababu ya mauaji yaliyoendelea wilayani Beni tangu mwaka 2014. Tarehe 27 Juni bomu likalipuka katika kanisa la Butsili, mjini Beni, likawajeruhi wanawake wawili. Siku hiyohiyo likalipuka la pili mjini, na wakuu wakafunga shule, makanisa na masoko kwa siku mbili. Basi tukaiacha safari. Uhai wa watoto hauwekwi rehani kwa ajili ya kutazama mlima.

Watoto walinyamaza. Nasi wazazi twajua: ukimya wa mtoto aliyevunjikiwa na tumaini ni mzito kuliko kilio chake. Likizo ilikuwa mbele yetu, ndefu na tupu. Ndipo tukakata shauri: ikiwa hatuwezi kuipita njia ile, tutaitengeneza.

Fedha kidogo za nauli zikanunua mbao, misumari, rangi na madaftari. Udongo ulipatikana bure bondeni. Wakubwa wakapiga hesabu: kila kilometa ipewe sentimeta 3, hivyo Butembo mpaka Beni ikawa meta 1 na sentimeta 62. Kwa kimo, kila meta 100 zilipewa sentimeta 1. Mvulana mmoja akagundua kwamba kwa kipimo hicho milima huonekana mirefu mara tatu na zaidi kuliko haki yake, naye akaandika onyo hilo pembeni mwa ubao, ili asidanganyike mtazamaji.

Lakini ni nani aliyeijua njia kwa undani? Watoto wakatumwa kuuliza. Dereva wa lori aliwatajia makorongo, na mahali ambapo gurudumu huzama wakati wa mvua. Mama mmoja mchuuzi wa mboga aliwatajia chemchemi, na miti ambayo chini yake watu hutua mizigo. Njia ni moja, lakini habari za hao wawili hazikukutana hata mara moja! Watoto wakaziweka zote: makorongo kwa rangi nyekundu, chemchemi kwa buluu.

Siku hizo jirani yetu alikuwa amewapokea watu wa jamaa moja waliokimbia vijiji vya mashariki ya Beni. Pamoja nao alikuwako bibi mmoja mzee. Kwa muda wa siku mbili alikuja akaketi kimya, akitazama udongo ukipanda na kushuka. Siku ya tatu akanena:

“Wajukuu wangu, kazi yenu ni nzuri. Lakini ubao wenu umekwisha pale Beni. Kwangu ni wapi?”

Hapakuwa na la kumjibu. Tukapigilia ubao wa pili.

Bibi huyo akawa mwalimu wetu. Kwa kidole chake aliuchora mto Semliki, uendao kutoka ziwa Edward hata ziwa Albert. Akaonyesha mashamba ya kakao na kijito kilichokuwa nyuma ya nyumba yake. Mwisho likajengwa rundo la Rwenzori. Kilele cha Margherita, chenye meta 5,109, kikapata sentimeta 51, hali Butembo yetu, tuliyojisifia milima yake, ilikuwa na 17 tu: theluthi moja. Tulitaka kuwapeleka watoto kwenye mlima. Bibi akauleta uani kwetu. Wakati wa jioni aliwafundisha wasichana na wavulana kusuka vikapu, na mikono ilipokuwa na kazi, alisimulia hadithi za Kinande. Wakubwa waliziandika, ukurasa mmoja kwa Kinande na ukurasa wa pili kwa Kiswahili. Madaftari mawili yalijaa.

Hatusemi kwamba kusuka vikapu hufungua barabara. Mwezi wa Oktoba 2022 hospitali ya Maboya ilishambuliwa, na kati ya waliouawa alikuwamo sista mmoja aliyekuwa daktari. Watoto walipopata habari, walikwenda wenyewe kwenye ubao, wakasimamisha msalaba wa kijiti pale Maboya. Walipajua mahali pale ingawa hawajapakanyaga, maana mikono yao ilipafinyanga.

Wazazi wenzetu, katika nchi yetu safari zitaendelea kukatika. Ikikatika yenu, jiulizeni mlikuwa mkienda kutafuta nini: kuona nchi, kujifunza, au kuamkia jamaa? Kisha mtafuteni aliyetoka huko, mumpe kiti. Wapeni watoto kazi ya mikono yenye siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Kazi isiyo na mwisho huwachosha nao huitupa.

Mbao zetu mbili sasa zimewekwa darasani. Mwaka 2024, vita vilipofika Kanyabayonga, watu wengi walikimbilia upande wa Lubero na Butembo. Na mwezi wa Januari 2025 mji wa Goma ukatekwa na waasi wa M23. Wanafunzi wapya waliotoka kusini wakasimama mbele ya mbao zile, wakauliza swali lilelile la bibi. Ubao wa tatu umekwisha kupigwa randa.