Kupanga Kiini cha Linux kwa Mkono

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wenzangu wengi huniuliza ni kazi gani niifanyayo jioni katika chumba cha kompyuta, na ina faida gani kwa kijana ambaye mtihani wa taifa u karibu. Baba yangu, mkulima wa ufuta, aliniuliza vivyo hivyo wakati wa likizo. Swali hilo ni la haki, nami napenda kulijibu hapa, wazazi nao wapate kusoma.

Linux ni programu kuu ya kuendesha kompyuta. Sehemu yake ya ndani kabisa huitwa kiini, au kerneli, nacho ndicho kinachosemezana na diski, kibodi na kioo. Kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland. Leseni yake yamruhusu kila mtu kukisoma, kukibadili na kuwagawia wengine. Kwa hiyo hata mwanafunzi wa Mbekenyera aweza kukijenga upya bila kulipa senti.

Kabla ya kukijenga, hapana budi kuchagua kitakuwa na nini. Machaguo yenyewe ni zaidi ya 10,000. Ukiandika Y, kitu hicho huingizwe katika kiini chenyewe. Ukiandika M, huwa moduli, kama jembe liwekwalo ghalani mpaka litakapotakiwa. Ukiandika N, huachwa. Kompyuta tuliyopewa kufanyia kazi ni kuukuu, na kujenga kiini kikubwa huichukua saa nyingi. Umeme ukikatika, kazi husimama. Ndiyo sababu twaacha kila kisichohitajika.

Ugumu ni kwamba machaguo haya hutegemeana. Chukua mfano wa diski. Chaguo liitwalo SATA_AHCI hutegemea ATA na PCI. ATA nayo huivuta SCSI iwepo. Hata hayo yote yakiwapo, diski haionekani mpaka uchague BLK_DEV_SD, na mafaili yake hayasomeki mpaka uchague EXT4_FS, ikiwa diski ilipangwa kwa namna hiyo. Kidaraja kimoja kikikosekana, kompyuta huanza kuwaka, kisha husimama na kusema kwamba haioni mahali pa kuanzia. Tena, ukiifanya EXT4_FS kuwa moduli na kuiweka katika diski hiyo hiyo tu, umefungia ufunguo ndani ya sanduku lake.

Machaguo huandikwa katika faili liitwalo .config, na mtu aweza kulifungua na kuliandika kwa mkono. Hapo pana jambo la ajabu. Ukiandika Y mbele ya kitu ambacho nguzo yake ni N, kompyuta haigombani nawe. Faili likipitiwa tena kabla ya ujenzi, mstari wako hufutwa kimya kimya. Kuandika kwamba jambo lipo hakulifanyi liwepo.

Sisi wa huku twalijua hilo hata pasipo kompyuta. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya sehemu zake. Reli ikajengwa kutoka pwani ili ichukue karanga hizo. Karanga hazikupatikana kama ilivyoandikwa katika makaratasi. Mpango ukaachwa mwaka 1951, na reli ikang'olewa katika miaka ya 1960. Reli iliandikwa Y, kumbe karanga ilikuwa N.

Basi dawa ni kuuliza kwanza. Katika menyu ya kupangia, iitwayo menuconfig, ukibonyeza alama ya mkwaju na kuandika jina la chaguo, huonyeshwa linategemea nini na limevutwa na nani. Nami nimepanga daftari: kushoto jina, kulia nguzo zake kwa Kiswahili. Si mimi wa kwanza kutaka kompyuta zetu ziseme Kiswahili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa lugha yetu.

Sisemi kila mtu afanye hivi. Viini vilivyojengwa tayari vipo, na vyawatosha watu wengi. Lakini kazi hii imenipa desturi ambayo naitumia katika masomo yote. Mwenzangu mmoja alisumbuliwa na logarithimu kwa majuma mawili. Hatukuzirudia tena, tuliuliza zasimama juu ya nini, tukarudi kwenye vipeo, na siku ya tatu alizikokotoa peke yake. Hilo ndilo jibu nililompa baba, naye akasema kwamba mkulima pia hatangulizi mbegu kabla ya shamba.

Kompyuta ile sasa inafanya kazi, na wanafunzi wa Kidato cha Pili huitumia kwa zamu kujifunza kupiga chapa. Daftari limefika ukurasa wa 41, na mambo ya sauti na mtandao hayajaguswa. Mimi naondoka baada ya mtihani. Nimeliacha kwa mwalimu wa kompyuta; atakayelitaka na amwendee, aje na kalamu yake.