Koti la Puleki

Ndugu msomaji, umewahi kununua nguo kwa sababu ya jina lake? Mimi nimewahi. Ngoja nikueleze yaliyonipata.

Naishi Mwandiga, karibu na njia panda ya kwenda Manyovu. Nauza mawese sokoni. Mdogo wangu, niliyemlea mwenyewe baada ya mama kufariki, alikuwa anaolewa Ujiji. Aliniomba kitu kimoja tu. Alisema, "Dada, siku hiyo nataka ning'ae."

Wiki ile mwuza mitumba alifungua belo. Wazee wetu waliziita nguo hizi kafa Ulaya, kana kwamba kila mwenye nguo amekufa huko. Zamani zilikuwa za shida. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kutoka nje kwa fedha zao wenyewe, na baadaye mitumba ikajaa masokoni.

Nikaona koti jeusi. Toka kwenye kola hadi chini lilishonewa puleki, vile vidude vidogo vya duara vinavyometameta. Mwuzaji alitaka shilingi 20,000. Ndani ya kola palikuwa na jina. Nikalisoma kwa sauti, maana kusoma nimejifunza ukubwani na bado naona fahari. Neno la mwisho lilikuwa Paris.

Mwuzaji akaruka. "Kumbe unalijua, mama! Hili ni la matajiri wa Ufaransa. Sasa ni elfu arobaini."

Basi, kusoma kwangu kukanitia hasara ya elfu ishirini! Nami nikalipa. Fedha ile ilikuwa ya upatu, nami nilikuwa nimeiweka kwa sare ya shule ya mwanangu. Sikukumbuka kwamba jina linaweza kushonwa na yeyote mwenye sindano.

Koti lilikuwa na mikunjo ya belo. Usiku nikatia mkaa kwenye pasi, nikaipitisha mgongoni mara moja tu. Msomaji, nilisikia harufu ya plastiki inayoungua. Puleki zilijikunja, zikaganda kwenye pasi. Pakabaki doa kubwa kama kiganja.

Wafalme wa Misri walishonewa vipande vya dhahabu kwenye nguo zao. Vilionekana katika kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa mwaka 1922. Dhahabu ingestahimili pasi yangu. Lakini puleki za siku hizi nyingi ni plastiki.

Nililia. Kisha nikaligeuza koti ndani nje nitafute mahali pa kulitia kiraka. Ubavuni, chini ya kwapa, nikakuta kijitambaa cheupe chenye picha. Beseni lililopigwa alama ya X: usifue kwa maji. Pasi iliyopigwa X: usipige pasi. Duara lenye herufi ndani: peleka kwa dobi mwenye mashine ya kusafisha kwa dawa. Maana ya lile duara nilielezwa baadaye na fundi cherehani, lakini ile pasi yenye X hata mtoto angeielewa. Mimi nilisoma jina la kwenye kola tu, nikaridhika.

Kesho yake nilimpelekea mdogo wangu koti. Aliliangalia mgongoni, akanyamaza. Kisha akauliza, "Na sare ya mtoto je, dada?" Alijua fedha ile ilikuwa ya nini. Sikuwa na jibu.

Alilivaa hivyo hivyo, akajitanda kitenge mgongoni. Mbele aling'aa kweli, watu wakapiga vigelegele. Mwanangu alirudi shuleni na shati la mwaka uliopita, mikono imeishia juu ya viwiko. Sare mpya niliinunua baada ya kuuza mawese ya miezi miwili.

Koti sasa liko kwangu. Juzi jirani aliniazima aende nalo harusini Kalinzi, kule kwenye baridi. Nilimpa. Lakini kwanza nililigeuza, nikamwonyesha kile kijitambaa, naye akaweka kidole juu ya picha ya pasi.

"Hii imekatazwa," akasema.

"Ndiyo," nikamjibu. "Sasa geuza uone mgongo."